Jiwe la Palomba

Alhamisi asubuhi Inspekta Leon Florentin aliwakusanya wote watatu kwenye uwanja ulio mbele ya bahari ya Thesaloniki, pale pale yalipoanzia matembezi ya Jumatatu ya watalii kwenye kumbukumbu za Wayahudi, akawaambia watayatembea upya tangu mwanzo hadi mwisho. Vardaris, upepo wa kaskazini wa mji huu, ulikuwa umeamka vibaya. Bibi Gracia Kovo, mwanamke wa Marseille mwenye umri wa kuitwa bibi na kila mtu, alikuwa ameegemea kitoroli chake cha kutembelea huku skafu ikimpiga usoni. Ester Matarasso, ambaye baba yake alikuwa kwenye jokofu la maiti tangu Jumanne, alisimama mbali na wenzake. Wa tatu alikuwa Stathis Karamitros, kiongozi wa watalii. Yeye ndiye aliyekumbuka kumkinga bibi na upepo kwa mgongo wake.

Mzee Alberto Matarasso, mfamasia mstaafu wa Montreal, aliokotwa Jumanne alfajiri chini ya ngazi za mawe huko Ano Poli, mji wa juu, fuvu limepasuka. Askari wa doria waliandika kwamba ameteleza. Daktari wa maiti hakukubaliana nao. Ngazi zile ni za mawe meusi ya mlimani, akamwambia Florentin kwenye simu, lakini marehemu alikuwa na unga mweupe kwenye magoti ya suruali, chini ya kucha na ndani ya kidonda chenyewe. Unga wa marumaru, na mpya. Mahali alipookotwa hapakuwa na marumaru hata kipande.

Kwa hiyo Florentin alitaka kujua mzee yule alipiga magoti wapi.

Msaidizi wake, Sajini Despina Lazaridou, alikuwa amependekeza wamhoji kila mmoja peke yake kituoni. Florentin alikataa. Watu wakikaa kwenye kiti cha polisi hukumbuka wanachotaka, alisema. Wakitembea, miguu huwakumbusha wasichotaka. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa Wayahudi wachache waliobaki katika mji huu, na jamaa zake walikuwamo katika kila kituo cha matembezi yale, lakini hakuwahi kuyatembea.

Akamtaka Stathis aseme maneno yale yale aliyoyasema Jumatatu.

Stathis aliyasema, na aliyasema vizuri. Alikuwa na sauti nene ya chini, na mikono mipana iliyochora hewani. Alieleza jinsi Wajerumani walivyowakusanya wanaume wa Kiyahudi kwenye uwanja huu siku ya Sabato ya kiangazi, wakawafanyisha mazoezi juani mpaka wakaanguka, na watu wengine wakitazama kutoka kwenye vibaraza. Bibi Gracia alianza kulia hapo hapo. Florentin hakutazama uso wa mtu yeyote. Alitazama mikono ya Stathis, na kucha zilizokatwa fupi mno.

"Mzee Alberto alisimama wapi?" aliuliza.

"Hapa, karibu yangu. Alikuwa mtu mzuri, Inspekta. Aliuliza maswali ya mtu anayejua."

Ester aligeuka akaangalia bahari.

Kutoka pale walipanda hadi soko la zamani, ambako Jumatatu walikaa kula mayai yaliyochemshwa na maganda ya vitunguu, kama yalivyopikwa kwenye nyumba za Wayahudi wa mji huu. Florentin aliwaacha Stathis na Bibi Gracia na kahawa zao, akamchukua Ester kwenye meza ya nyuma kabisa, kando ya mapipa ya zeituni. Despina alikaa upande wa pili, ili mwanamke yule asiwe na pa kugeukia.

Florentin alikuwa na sifa kituoni ya kuwaumiza watu kwa sauti ya upole. Alimweleza Ester kwamba mhudumu wa hoteli aliwasikia, yeye na baba yake, wakigombana Jumatatu asubuhi wakati wa chai. Akamwambia kwamba anajua yeye ni mtoto pekee. Akamwambia kwamba jioni ile alitoka hotelini peke yake, na hakuna mtu aliyemwona hadi aliporudi. Kisha akamwuliza kama ni kweli alimwambia baba yake kwamba atakufa kwa ubaya wake.

"Nilisema," Ester alijibu.

"Na akafa. Umepata ulichoomba mapema kuliko wengi."

Despina aliinamisha kichwa. Ester alikwangua meza kwa ukucha, halafu akaanza kusimulia kwa haraka, kama mtu anayetapika.

Mwaka uliopita binamu wa baba yake alikuja Thesaloniki, akafanya matembezi haya haya na Stathis. Alirudi Montreal na picha ya jiwe la kaburi la shangazi yao, limeandikwa jina lake kwa herufi za Kiebrania, limegunduliwa kwenye ua wa nyumba moja Ano Poli. Familia nzima ililia. Ni Alberto tu ambaye hakulia, kwa kuwa alijua kwamba shangazi yule alifia mji wa Kavala na kuzikwa huko huko. Alijaribu kumwambia binamu, binamu akamfukuza nyumbani kwake. Basi Alberto akaamua kuja mwenyewe. Kabla ya safari, Stathis huwapigia simu wageni wake na kuwauliza kwa upole majina ya bibi na babu zao, eti apate kuwaombea. Alberto akampa jina la bibi yake: Palomba, binti Mordohai, mke wa Yaakov.

"Na bibi yake hakuitwa Palomba," alisema Florentin.

"Aliitwa Djoya. Palomba ni paka wetu."

Despina aliinua kichwa.

"Mordohai je?"

"Mwuza samaki aliyetupa yule paka." Ester alifuta pua kwa kiganja. Akaeleza kwamba Jumatatu waliongozwa hadi kwenye ua ule, na jiwe la Palomba lilikuwapo. Baba yake alipiga magoti, akafunika uso, mabega yakatikisika. Stathis alidhani analia. Bibi Gracia alidhani hivyo pia, akamshika mabega kumliwaza. Ni yeye tu, binti yake, aliyejua kwamba anacheka; utani huo ndio waliougombania asubuhi. Aliona aibu mpaka akatamani ardhi immeze. Jioni baba yake akasema anarudi kule juu kumaliza utani wake, amtazame yule tapeli usoni. Ester alikataa kumsindikiza. Alitoka akatembea kando ya bahari mpaka miguu ikamuuma, na aliporudi baba yake hakuwapo.

"Kwa nini hukusema haya tangu Jumanne?"

"Mliniambia ameteleza. Na Bibi Gracia ana jiwe la bibi yake pale. Huja kila mwaka kulibusu. Niseme nini mbele yake?"

Florentin alimwuliza kama angeweza kusema leo, mbele yake. Ester alijibu hapana. Florentin akasema ataweza, akainuka.

Kituo cha tatu kilikuwa chuo kikuu. Hapo Stathis alionyesha kwa mkono lile eneo lote la majengo na miti, akasema kwamba chini yake yalikuwa makaburi ya Wayahudi, maelfu kwa maelfu, na kwamba wakati wa vita yalivunjwa na mawe yake yakazagaa mji mzima. Watu waliyatandika vibarazani, wakajengea kuta, wakafanyia meza. Hakudanganya. Kila mtu wa Thesaloniki anayajua haya, na wengi wana sababu ya kutoyataja.

"Na wewe unayarudisha," Florentin alisema.

"Ninajaribu, Inspekta. Moja moja."

"Kazi ngumu. Ulijifunzia wapi kusoma Kiebrania cha makaburini?"

Stathis alijibu kwamba alijifunza mwenyewe, kwa mapenzi. Baba yake alikuwa fundi wa marumaru, na tangu utotoni yeye alizoea kuyasoma mawe yaliyoletwa dukani, hata kabla ya kujua lugha ni ya nani. Alisema kwa majivuno, na Bibi Gracia akampigapiga mkononi kama mama. Florentin alimshukuru, akampa bibi mkono wake kumsaidia kupanda teksi.

Nyumba yenye ule ua, ya Kyra Fotini, yaani Bi Fotini, ilikuwa imebanwa chini ya ukuta wa zamani wa mji, kwenye kichochoro ambacho gari haliingii. Fotini alikuwa mjane mfupi aliyevaa aproni, na alipofungua lango akaona polisi alirudi nyuma bila kusalimu. Ua wake ulisakafiwa kwa saruji, mtini mmoja katikati. Mawe matatu meupe yalikuwa yameegemezwa ukutani. Bibi Gracia hakumngoja mtu. Alisukuma kitoroli chake hadi kwenye jiwe la kushoto, akainama kwa taabu, akalibusu, akaweka juu yake kijiwe alichokitoa mfukoni, kama Wayahudi wafanyavyo makaburini. Palikuwa na vijiwe vingi pale.

"Fanya kama Jumatatu," Florentin alimwambia Stathis. "Usiruke kitu."

Stathis alisita kidogo, akatazama nyuso zao, kisha akaendelea. Alivua kofia. Alichota maji kwenye ndoo, akayamwaga polepole juu ya jiwe la kulia, na maandishi yaliyokuwa hayaonekani vizuri yakajitokeza meusi. Akapiga magoti. Akasoma kwa Kiebrania, halafu akatafsiri: hapa amelala mwanamke mwema, Palomba binti Mordohai, mke wa Yaakov Matarasso, roho yake ifungwe katika fungu la uhai. Sauti yake ilikatika mahali pale pale ilipotakiwa kukatika. Bibi Gracia alikuwa analia tena. Alimtazama Ester kwa huruma.

"Ulilikuta wapi?" Florentin aliuliza.

"Hapa hapa. Lilikuwa ngazi ya jiko la Kyra Fotini, limelazwa kifudifudi. Watu walikanyaga mgongo wake miaka yote hiyo."

Fotini alitazama aproni yake.

"Binti," Florentin alimwambia Ester, "mweleze Palomba ni nani."

Ester alitikisa kichwa. Florentin akangoja. Akamwambia tena, kwa upole ule ule, kwamba baba yake yuko kwenye jokofu na hawezi kusema mwenyewe. Ester akafumba macho, akasema. Alisema kwa sauti ndogo, lakini ua ulikuwa mdogo pia.

Bibi Gracia alidhani hakusikia vizuri. "Paka?" aliuliza. "Paka gani, mwanangu?"

Stathis aliinuka, magoti yamelowa, akajitetea bila kupaza sauti. Alisema yeye ametaniwa na mzee, na hilo si kosa lake. Kina Palomba walikuwa wamejaa katika mji huu, na kina Matarasso pia. Kama mzee alitunga jina na jina likapatikana, basi ni bahati, au ni Mungu.

"Na Mordohai?" alisema Florentin. "Na Yaakov, je? Huyo pia alikuambia yeye. Jina la mume, la baba mtu na la ukoo, yote yakae kwenye jiwe moja, kama alivyokusomea kwenye simu. Mungu wako ana sikio zuri."

Wakati huo Despina alikuwa amechuchumaa katikati ya ua, akiangalia maji ya ndoo yanavyokimbilia kwenye mfereji. Aliinua kifuniko cha chuma, akatia vidole, akavitoa vimepakaa ujiuji mzito mweupe. Akamwonyesha Florentin. Florentin akamgeukia Fotini, akamwuliza chumba cha chini ya nyumba kina nini.

"Kuni," Fotini alisema.

"Kuni hazitoi maziwa, mama."

Stathis ndiye aliyeharibu mambo yake mwenyewe. Alisema haraka kwamba chumba kile ni cha Fotini, ufunguo anao Fotini, na analoficha mle yeye halijui. Fotini alimtazama kwa mshangao, mdomo wazi. Kwa miaka yote aliyompangishia chumba hakuwahi kumwita ila mwanangu. Sasa alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mtini, akakunja mikono juu ya aproni, akaanza kusema na Florentin kana kwamba Stathis hayupo.

Alisema mzee alirudi Jumatatu jioni, akateremka chini moja kwa moja akifuata mlio wa mashine. Hakugombana wala hakutukana, alicheka tu. Fotini alikuwa mlangoni na tochi kwa kuwa taa ya ngazi imeungua, akaona yote. Mzee alichota unga sakafuni kwa mikono miwili, akaumwaga juu ya kichwa cha Stathis, akacheka mpaka akapiga magoti, akakohoa, akacheka tena. Alimwomba Stathis, kwa adabu, amchongee jiwe na kasuku wa jirani.

"Alikuwa hawezi kunyamaza," Fotini alisema. "Nilimwambia, mzee, nyamaza, nenda zako. Hakunyamaza. Ndipo Stathis akachukua nyundo."

"Ukafanya nini?"

"Niliwashikia tochi. Halafu nikamshika miguu. Tulimtoa kwa kigari cha kubebea mawe, bado vidole vinacheza."

Ester alitoa mlio mfupi, akaziba mdomo. Huenda baba yake alikuwa bado hai walipomtupa. Florentin hakumwuliza Fotini zaidi. Despina alimtia Stathis pingu, akampeleka kwenye gari la polisi lililongoja chini ya kichochoro. Hakupigana.

Florentin aliteremka chini peke yake kwanza. Chumba kilikuwa kirefu kuliko alivyotegemea. Palikuwa na mashine ya kusagia, matindo yamepangwa kwa ukubwa, na kuta zimefunikwa na vumbi jeupe. Sakafuni, karibu na mashine, pameoshwa kwa klorini na bado pananuka. Lakini kilichomsimamisha ni mawe. Yalikuwa yameegemezwa ukutani moja baada ya jingine, ya zamani, ya manjano kwenye kingo, na hayakuwa ya bandia. Yalikuwa mawe ya kweli ya makaburi yale ya chuo kikuu, yaliyookotwa kwenye nyumba zinazobomolewa. Stathis alihitaji marumaru ya kale ili uongo wake uonekane wa kale. Alisaga jina lililokuwapo, akachonga jina alilopewa kwenye simu.

Jiwe lililokuwa kwenye mashine lilikuwa limesagwa nusu. Florentin alilimulika, akasoma kilichobaki. Binti wa. Baada ya hapo palikuwa laini kama sahani.

Aliposikia kitoroli kikigonga ngazi alijua ni nani. Bibi Gracia alikuwa ameteremka kinyumenyume, ngazi kwa ngazi, Ester akimshika kiuno. Alitazama mashine, akatazama mawe. Hakuwa mjinga.

"Langu pia?" aliuliza.

Despina, nyuma yao, alimfanyia Florentin ishara ya mkono asiseme. Florentin aliiona.

"Lako pia," alisema. "Bibi yako hakuwahi kuwa hapa. Umekuwa ukibusu kazi ya mikono ya Stathis."

Bibi Gracia alikaa kwenye kiti cha kitoroli chake. Hakulia, machozi yake yote alikuwa ameyamwaga uwanjani, sokoni na uani, kwa mambo aliyoyajua tangu zamani. Alikaa akipangusa vumbi kwenye mkono wa koti lake, na kila alipopangusa lilizidi kuenea.

"Chini ya jina la bibi yangu," alisema hatimaye, "palikuwa na jina la nani?"

"Sijui."

"Yeye anajua. Anasoma vizuri kuliko wewe. Kamwulize."

Florentin alipanda juu, akashuka kichochoroni hadi lilipoegeshwa gari la polisi. Stathis alikuwa amekaa kiti cha nyuma, mikono imefungwa mapajani, vumbi la ua likiwa bado kwenye magoti yake. Florentin aliinama dirishani, akamwuliza swali la bibi kama alivyoliuliza.

Stathis alifikiri. Alisema kwamba watu watamsema vibaya, lakini waseme na hili: hakuwahi kusaga jiwe bila kulisoma kwanza, kwa sauti, lote, hadi mwisho. Aliona ndiyo heshima. Jiwe la Bibi Gracia analikumbuka vizuri sana. Lilikuwa la msichana, si la mwanamke mzima, na maneno yake yalikuwa mazuri kuliko yote aliyowahi kuyaona.

"Jina lake?"

"Huyo bibi yuko juu bado?"

"Yuko."

"Anangoja?"

Stathis alitabasamu kidogo, akaegemeza kichwa kwenye kiti.

"Funga mlango, Inspekta. Kuna baridi."

Florentin alimwuliza mara ya pili, na ya tatu. Alimwambia mambo ambayo humwambia mtu anayekabiliwa na kifungo cha maisha, na mengine ambayo polisi hapaswi kumwambia mtu. Stathis aliangalia mbele. Mwisho Florentin akaufunga mlango, akampigia dereva bodi la gari, likaondoka.

Aliporudi uani, Bibi Gracia alikuwa amepandishwa juu, ameketishwa kwenye kiti kile kile cha Fotini. Aligeuza uso.

"Amesema?"

"Amesema hakumbuki," alisema Florentin.

Bibi alimtazama kwa muda, kama mtu anayesoma. Kisha akamwomba Ester amtafutie njia ya kurudi hotelini isiyo na ngazi.